Brashi, sindano, kitambaa au kalamu: njia ipi ya kupaka herufi ndogo za beji na urembo wa gari la zamani

Kabla hujanunua kopo lolote la rangi, pitisha ukucha juu ya herufi. Ukucha ukizama, una kazi ya aina moja. Ukigonga kilima, kazi ni nyingine. Ukiteleza tu bila kuhisi kitu, una kazi ya tatu, na hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Watu hubishana sana kuhusu rangi, eti hii ya Kiingereza, ile ya Kimarekani. Lakini beji nyingi zinazotazamwa kwa huruma hazikuharibiwa na rangi. Ziliharibiwa na njia isiyoendana na umbo la herufi: kalamu ndani ya shimo la kina, tepu juu ya ukingo wa duara, brashi ya nywele tatu mahali palipohitaji kitambaa tu.

Kwa hiyo ulinganisho huu unafuata umbo. Rangi na usafishaji vinakuja mwishoni, ingawa kwa mkono wako vitakuja mwanzoni.

Mfereji mwembamba: jaza, kisha futa

Vitufe vya dashibodi vilivyochongwa herufi, vibati vya namba ya chasisi, maandishi kwenye kifuniko cha tangi, alama za nyuzi kwenye vipimo vya zamani. Mfereji una upana wa milimita 1 au pungufu, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kufuata kingo zake mbili bila kutoka nje. Usijaribu. Jaza kila kitu, kisha ondoa kisichotakiwa.

Chukua rangi ya mafuta ya kopo dogo, mfano Humbrol ya ml 14, na ukoroge dakika 2 nzima mpaka unga wa rangi uliolala chini upande wote. Sukuma rangi ndani ya herufi kwa kijiti cha meno au brashi iliyochakaa. Ikimwagika pembeni, iache. Subiri dakika 10 hadi 15. Mchana wa jua pale Mombasa au Dar es Salaam, 5 zinaweza kutosha. Dalili ni kwamba rangi imeanza kunata na haing'ai tena kama maji. Sasa chukua kadi ngumu, ile ya benki iliyokwisha muda, uivike tabaka moja la kitambaa cha fulana ya pamba. Vuta kitambaa kikaze kama ngozi ya ngoma. Kiguse kwa tapentaini ya kuchanganyia rangi ya mafuta, kisha ukipite mara moja kukatiza herufi kwa mshazari. Geuza upande safi, pita tena. Kila mpito na upande wake safi, la sivyo unarudisha uchafu ulioutoa.

Kinachoharibu hapa ni kidole. Fundi anafunga kitambaa kidoleni na kusugua. Kidole ni laini, kinabonyea, kinaingia kwenye mfereji na kunyonya rangi ya katikati. Herufi inabaki na kidimbwi kitupu na mistari miwili pembeni. Kinachofuata kwa uharibifu ni tapentaini nyingi. Ukikikandamiza kitambaa kwenye karatasi kiache kivuli cha unyevu, si doa. Ukungu mwembamba unaobaki juu ya kromu usikusumbue siku hiyo. Utaondoka kesho yake kwa kijiti cha pamba, rangi ya ndani ikiwa imeshashika.

Mshindani wa njia hii ni kijiti cha rangi ngumu, kama Lacquer-Stik ya Markal: unakisugua juu ya herufi, kinaacha rangi ndani ya mfereji, unafuta juu kwa karatasi kavu, basi. Kwa vitufe vya plastiki kijiti kinashinda bila ubishi, maana hakuna kiyeyushi kinachotiririka juu ya plastiki ya miaka 50 iliyokwisha kukauka. Kwa beji ya nje rangi ya kopo inashinda, kwa sababu tabaka la kijiti ni jembamba na mfereji wa kina kupita nusu milimita hubaki umebonyea katikati. Wapo wanaotumia kalamu ya nta ya watoto. Inafanya kazi ileile hadi siku gari likiachwa juani vioo vimefungwa, ndipo nta inalainika na kuhamia kwenye kidole cha kwanza kitakachobonyeza kitufe.

Mfereji mpana: hapa kitambaa kinashindwa

Angalia kofia ya gurudumu ya Volkswagen Beetle. Alama ya VW imegandamizwa ndani ya bati, lakini ni pana na haina kina. Ukijaza na kufuta, kadi yenyewe inashuka ndani na kuchota rangi. Kanuni ya haraka: upana wa mfereji ukizidi kina chake mara 3 au 4, sahau kufuta. Chagua kati ya brashi na sindano.

Brashi ni kwa mifereji isiyo na kina. Na brashi ya namba 000 ni mtego. Inaonekana ndiyo sahihi kwa kazi ndogo, ila tumbo lake linabeba rangi kidogo mno. Inakauka njiani kabla mstari haujaisha, unairudisha koponi, na kila unaporudi unaacha kiungo. Namba 0 au 1 ya manyoya laini ya sable, yenye ncha inayokutana vizuri ikiloweshwa, inachora mstari mwembamba uleule na inafika mwisho wa herufi kwa pumzi moja.

Usianzie ukingoni. Weka tone katikati ya mfereji, kisha lisukume kwa ncha kuelekea ukuta. Rangi ikigusa ukuta itaung'ang'ania yenyewe na kusimama hapo. Ukuta ndio unaochora ukingo, wewe unapeleka rangi tu. Kofia ya gurudumu iwekwe juu ya sahani inayozunguka au juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, ili uzungushe kazi badala ya kupinda kifundo cha mkono. Mkono wa kulia uegemee mkono wa kushoto, na kiwiko kiwe mezani. Ukitoka nje ya mstari, acha. Ukifuta rangi mbichi iliyo karibu na ukingo unaichota na ya ndani. Subiri ishike, kisha uikwangue kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa tapentaini kidogo.

Sindano ni kwa mashimo ya kina yenye kuta: beji za ngao, nembo za rangi mbili tatu zilizotenganishwa na vizingiti vyembamba vya chuma. Hapa brashi inaweza kujaza, lakini uso utabaki na mabonde. Sindano inatoa uso uliotulia kama kioo.

Bomba la sindano la ml 1 au 2 linatosha. Sindano ya kijani, yenye kipenyo cha milimita 0.8, inapitisha rangi ya mafuta vizuri. Ile ya bluu iliyokolea, 0.6, ni ya pembe finyu na inahitaji rangi iliyolegezwa. Zile nyembamba za insulini ziache, zinaziba kwa tone la kwanza. Kata makali ya ncha kwa kuisugua wima kwenye msasa namba 400 mpaka iwe butu: ncha kali inakwaruza sakafu ya beji, na inakuchoma wewe. Legeza rangi kwa tapentaini, sehemu 10 za rangi kwa 1 ya tapentaini, na uichuje kwa kipande cha soksi ya nailoni, kwa sababu punje moja ya rangi iliyoganda ndiyo itakayoziba tundu katikati ya kazi. Mpira wa ndani ya bomba unavimba ukigusa tapentaini, ndiyo maana bomba linaloteleza asubuhi linakwama mchana. Kila rangi na bomba lake, na likiisha kazi linatupwa salama.

Beji ilale sawasawa kabisa. Ihakikishe kwa pima-maji, siyo kwa macho. Shusha tone kwenye pembe iliyo finyu zaidi kwanza, kisha rudi nyuma kuelekea penye nafasi. Usijaze hadi juu kwa mara moja. Rangi ya mafuta hunywea kiyeyushi kikitoka, na ukijaza tabaka nene mara moja, juu kutafunga utando huku chini kukiwa bado maji. Siku mbili baadaye utando unajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Tabaka 2 au 3, saa 24 katikati, la mwisho likisimama juu ya ukingo kwa unene wa karatasi. Likikauka litashuka na kuwa sawa.

Herufi zilizoinuka zina maswali mawili tofauti

Swali ni hili: rangi inakaa juu ya herufi, au inakaa uwanjani, yaani kwenye nafasi inayozizunguka, na herufi zinabaki chuma?

Maandishi ya TOYOTA au DATSUN yaliyobonyezwa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ni ya aina ya kwanza. Hapa rola ndogo ya mpira mgumu, upana wa sentimita 5 hivi, inaishinda brashi kwa mbali. Sambaza rangi juu ya kipande cha kioo hadi rola itoe sauti ya kunata, kama mkanda unaobanduka. Hapo ujue tabaka ni jembamba vya kutosha. Pitisha juu ya herufi bila kukandamiza. Mipito 3 myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Rola ya sponji usiiguse: inabonyea, inashuka mabegani mwa herufi, na ukingo unakuwa na mawimbi.

Kuna jambo moja rola hailiwezi. Bati lililobonyezwa lina mabega ya mviringo, na kiwandani rangi mara nyingi ilishuka kidogo kwenye mabega hayo. Rola inagusa kilele tu, kwa hiyo herufi inatoka nyembamba kuliko ya asili. Kwa gari la kazi hakuna atakayeona. Kwa gari linalopelekwa kwa majaji wa Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Nairobi, piga rola kwanza upate uso safi wa juu, kisha malizia bega kwa brashi namba 1.

Bamba la Land Rover la umbo la yai, lile lenye maneno Solihull, Warwickshire, England, liko aina ya pili: rangi uwanjani, herufi wazi. Kuchora uwanja kuzunguka kila herufi kwa brashi ni adhabu isiyo na sababu. Paka bamba zima tabaka jembamba, subiri linate, pitisha ile kadi yenye kitambaa kilichokazwa juu ya vilele. Ni njia ileile ya mfereji mwembamba, ila sasa unachokifunua ndicho unachotaka kionekane.

Kifuniko cha valvu cha alumini nzito kinaruhusu njia ya mkato ambayo bamba jembamba haliruhusu: piga rangi ya injini inayovumilia joto kote, iache ikomae kwa kufuata maelekezo ya kopo, kisha sugua vilele kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kipande cha mbao bapa, umalizie na 800. Ukingo unaotoka hapo ni mkali kama wa kisu. Lakini hii ni kwa alumini isiyopakwa kitu tu. Ukipitisha msasa kwenye herufi yenye kromu, kromu imekwenda na hairudi kwa kopo lolote.

Herufi zisizo na umbo

Zile zilizochapwa au kuandikwa kwenye uso bapa, ukucha hauhisi kitu. Hapa hakuna ukuta wa kukusaidia, kwa hiyo ulinganisho ni kati ya stensili ya vinili na mkono wenyewe.

Stensili inakatwa kwa mashine kwenye maduka ya stika, na inafaa herufi za milimita 8 kwenda juu kwenye uso ulionyooka. Chini ya milimita 5 inaanza kutesa: vipande vya ndani ya A na O ni vidogo kiasi kwamba vinang'oka na vinapotea kwenye kidole. Kwenye urembo uliopinda vinili hunyooka unapoikandamiza, na herufi ya mwisho inatoka pana kuliko ya kwanza. Rangi kuvuja chini ya kingo ndilo lalamiko la kila siku, na dawa yake ni kukandamiza kingo kwa ukucha, kisha kupiga tabaka la kwanza jembamba la rangi ileile iliyo chini ya stensili. Ikivuja, inavuja rangi isiyoonekana, na inaziba njia. Baada ya hapo rangi ya herufi, tabaka 2 nyepesi. Vua stensili rangi ikiwa bado laini, ukiivuta kuelekea nyuma juu yake yenyewe. Ukingoja ikauke kabisa, inakatika kwa meno meno.

Mkono unashinda kwenye mikunjo, kwenye mistari mirefu ya mapambo, na kwenye herufi ndogo zenye mikia. Ila ni ujuzi wa miaka. Wachora mabango wanaoandika kwenye malori na matatu hutumia brashi ndefu za manyoya laini na rangi nzito ya mafuta, kama 1 Shot, inayofunika kwa mpito mmoja, pamoja na kijiti cha kuegemezea mkono. Brashi zao hazioshwi na kuachwa kavu. Hupakwa mafuta mepesi na kulazwa zimenyooka, maana unywele mmoja uliopinda unachora mstari wake wa pili. Kama mtaani kwako yupo fundi wa aina hiyo, mpelekee kazi ya mistari, wewe ubaki na beji. Ni fedha iliyotumika vizuri.

Kalamu ya rangi

Kwa sifa inazopewa, kalamu inashindwa karibu kila mahali. Ncha ya Uni Paint PX-21 ni ya milimita 0.8 hadi 1.2, na ni ya duara; haiingii kwenye pembe ya herufi, na ikigusa ukuta inamwaga. Zile za maji kama Posca hazina mshiko kwenye kromu, zinabanduka kwa ukucha. Kalamu ya kromu ya Molotow inang'aa ajabu siku ya kwanza, kisha ukiipaka klia, ile rangi ya uwazi ya kulinda, au ukiishikashika inafifia na kuwa kijivu cha fedha.

Ina matumizi mawili tu ya kweli. Kuziba kovu dogo kwenye mstari uliopo, na kuwa kopo: bonyeza ncha juu ya kizibo cha chupa mpaka litoke dimbwi dogo la rangi, kisha ulichukue kwa kijiti cha meno. Rangi ya ndani ya kalamu ya mafuta si mbaya hata kidogo. Kibaya ni ncha yake.

Rangi ya mafuta, epoksi au rangi ya gari?

Kwa beji, rangi ya mafuta ndiyo chaguo letu la kwanza. Inatulia yenyewe, inakupa dakika za kurekebisha, na ukikosea leo tapentaini inafuta yote bila kugusa kromu. Udhaifu wake ni muda: inaguswa baada ya saa 6 au zaidi, inakomaa baada ya wiki.

Epoksi ya sehemu mbili iliyotiwa rangi hainywei, kwa hiyo shimo la kina linajazwa kwa mara moja. Ndiyo pekee inayokaribia sura ya zile beji za zamani za enameli ya kioo. Enameli yenyewe huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 750 hadi 850, wakati aloi ya zinki iliyotumika kwenye beji nyingi huyeyuka kabla ya kufika 400. Ndiyo maana beji ya zinki haiwezi kurudishwa kwa moto. Lakini epoksi ni kali kwa mzembe. Pima kwa mizani ya gramu 0.01 na usichanganye chini ya gramu 5 kwa jumla, hata kama unahitaji matone mawili, maana kosa dogo la kipimo kwenye mchanganyiko mdogo linaiacha inanata milele. Jua linaifanya nyeupe kuwa manjano. Nyeusi, nyekundu na bluu nzito zinaficha hilo. Nyeupe ya nje ibaki kuwa rangi ya mafuta.

Rangi ya gari ya sehemu mbili ni ngumu na haidhuriwi na petroli, hivyo maandishi ya karibu na mdomo wa tangi ni yake. Kwa mengine haistahili taabu. Kigumu chake kina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Kuipuliza bila barakoa ya kuletewa hewa safi ni kuchezea mapafu, na kitambaa cha mdomoni hakisaidii lolote.

Kuhusu mng'ao: herufi nyeusi za viwandani mara nyingi hazikung'aa sana. Nyeusi ya Humbrol namba 21 inang'aa kama kiatu cha askari. Namba 85, ya mng'ao wa kati, huwa karibu zaidi na asili. Na usisome rangi ya zamani katikati ya herufi. Nyekundu hasa hupauka juani hadi kuwa ya machungwa. Chokonoa kwenye pembe ya chini kabisa, au ukingoni palipofichwa na mpira, hapo ndipo rangi halisi imelala.

Kilicho chini ya rangi

Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu kwanza, mswaki laini, kisha spiriti ya isopropili kwa vijiti vya pamba mpaka kijiti kitoke cheupe. Mafuta ya silikoni ya kung'arishia dashibodi ndiyo adui asiyeonekana: rangi ikikimbia na kuacha vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki, ni yeye. Futa yote, safisha upya mara mbili.

Rangi ya zamani kwenye kromu inalegezwa kwa tina ya gari, yaani kiyeyushi cha rangi za gari, na kukwanguliwa kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa bisibisi. Kwenye plastiki yenye kromu na kwenye akriliki ya uwazi, tina hiyohiyo inaleta nyufa nyufa kama ganda la yai, kwa hiyo tumia isopropili na subira, ukijaribu nyuma kwanza. Alumini iliyofanyiwa anodi, yaani iliyowekewa tabaka la kinga kwa umeme, haitaki magadi makali wala dawa ya kusafishia oveni. Tabaka linayeyuka na urembo unabaki na mabaka ya kijivu.

Sakafu ya mfereji ikiwa na kromu laini, ikwaruze kidogo kwa kipande cha msasa namba 600 kilichobandikwa kwenye ncha ya kijiti cha kiberiti. Ndani tu, usipande ukutani. Bila mikwaruzo hiyo rangi ya mafuta hutoka nzima nzima baada ya miezi, kama kibandiko. Na klia ya kopo juu ya beji nzima usiipake: kwenye kromu inabanduka kama ganda la kitunguu, na juu ya rangi ya mafuta isiyokomaa viyeyushi vyake vinaikunja.

Beji ikae siku 7 mahali pasipo vumbi kabla ya kurudi garini. Unapoirudisha, sukuma nati za kubana kwa soketi kutoka ndani ya boneti, mtu mwingine akiwa ameishika beji kwa nje kwa kiganja na kitambaa kikavu. Ukiibonyeza kwa mbele kwa kidole gumba, alama ya kidole itabaki kwenye ile herufi ya katikati.